Shikamoo ya Bibi

Kila mchana Sindano alipotoka shule, kabla hata hajafika mlangoni alisikia mlio wa cherehani. Gurudumu lilizunguka, kanyagio likagonga sakafu, chuma kikapanda na kushuka. Lakini kwenye cherehani hapakuwa na kitambaa wala uzi. Bibi yake alikuwa akishona hewa.

Zamani haikuwa hivyo. Nusu ya watoto wa mtaa ule walikuwa wamevaa sare zilizopita mikononi mwa Bibi. Alikuwa fundi ambaye akikutazama tu unavyopita, anajua kiuno chako bila kugusa tepu ya kupimia. Mjukuu wake alipozaliwa mwembamba, watu wakaanza kunong'ona kwamba mtoto hana afya. Bibi akawajibu kwamba sindano nayo ni nyembamba, lakini hakuna nguo inayosimama bila hiyo. Basi jina likamganda, na sasa, akiwa darasa la sita, hata mwalimu alimwita Sindano.

Mama yake alifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, zamu ya mchana. Asubuhi alishinda na Bibi, akamwogesha, akamchana nywele na kumlisha. Sindano akirudi, mama na mwana walipishana mlangoni kama walinzi wanaopokezana lindo. Mama alifunga kitambaa chake kichwani huku akieleza Bibi amekula nini na amelala kiasi gani, kisha huyoo, ameondoka. Baba alikuwa dereva wa lori, na sehemu kubwa ya mwaka alikuwa safarini. Kwa hiyo tangu mchana hadi jioni, Bibi alikuwa mikononi mwa Sindano.

Bibi alisahau mengi. Alitia chumvi kwenye chai. Funguo zilikutwa ndani ya kopo la unga. Swali lililokwisha kujibiwa lilirudi tena na tena kama nzi aliyefukuzwa. Hayo yote Sindano aliyazoea. Kitu kilichomshinda kilikuwa salamu.

Ilianza siku moja alipokuwa barazani akifanya hesabu na wenzake wawili. Mmoja wao alikuwa jirani, msichana mcheshi ambaye ulimi wake haukujua kupumzika, na darasa zima lilimwita Kasuku. Bibi alitoka ndani taratibu, akaja kusimama mbele ya Sindano na kuinamisha kichwa kama mtoto mwenye adabu.

"Shikamoo, mama," akasema.

Shikamoo, kama kila mtoto ajuavyo, hupanda. Hutoka kwa mdogo ikaenda kwa mkubwa, na Sindano hakuwahi kuiona ikishuka. Masikio yalimwaka moto. Akasema kwa sauti ndogo, "Bibi, ni mimi. Sindano." Bibi hakuondoka. Mtu aliyetoa shikamoo hungoja marahaba, naye aliingoja, mikono yake miwili imeshikana mbele, hadi alipochoka akarudi ndani. Kasuku alikuwa amejiziba mdomo kwa daftari, lakini kicheko kilimponyoka pembeni.

Kesho yake darasani palikuwa hapakaliki. Huyu alimpa shikamoo Bi Mkubwa, yule aliuliza wajukuu hawajambo. Mvulana mmoja alimletea kijiti alichokiokota uani, akamwambia ni mkongojo, ajisaidie kupanda ngazi. Sindano alicheka nao ili asilie. Mchana ule, Kasuku alipokuja kumwita wakacheze, Sindano alifungua mlango nusu tu, akasimama katikati.

"Bibi hayupo," akasema. "Amesafiri. Ameenda kwa shangazi."

Uongo huo haukumpa shida, maana katika nyumba ile daima kulikuwa na mtu aliyesafiri. Lakini uongo ni mvivu wa kutembea peke yake, hutaka wenzake. Mwenye duka aliuliza mbona Bibi haonekani, naye akaambiwa amesafiri. Fundi viatu wa pembeni akaambiwa hivyo hivyo. Sasa ikabidi Bibi afichwe kweli. Zamani aliketi barazani mchana kutwa, kila apitaye akimjulia hali. Sasa akawekwa chumbani, pazia limeshushwa, na alichobaki nacho ni kuzungusha gurudumu la cherehani gizani.

Mama hakujua lolote. Yeye alikuwa na yake. Alikuwa amempeleka Bibi hospitali, na daktari, baada ya vipimo na maswali mengi, akasema ni ugonjwa wa Alzheima. Jioni Mama alimketisha Sindano jikoni akamweleza. Bibi hakurogwa, wala hakupata wazimu, na si uzee tu. Ni ugonjwa unaokula ubongo kidogo kidogo, hauambukizi, na dawa ya kuuponya haijapatikana bado. Hata hivyo daktari alimwelekeza kwa kikundi cha watu wanaojitolea kusaidia wagonjwa wa kusahau pamoja na familia zao. Mama alikuwa amekwenda kuwaona, nao wakaahidi kutuma mtu nyumbani.

Mtu huyo alikuja mchana mmoja Mama akiwa kazini. Alikuwa mama wa makamo, muuguzi mstaafu, amevaa viatu vya kazi vilivyochakaa, na watu wa kikundi walimwita Nesi tu. Alibisha hodi, akasema amekuja kumwona Bibi. Sindano alimpenda uso, akataka kumkaribisha. Lakini nyuma ya Nesi, barabarani, Kasuku na wenzake walikuwa wanapita, na shingo zao zilikuwa zimenyooshwa kama za bata.

"Bibi amesafiri," Sindano akasema.

Nesi alitega sikio. Ndani, cherehani ilikuwa ikilia. Kisha akasema haidhuru, Mama aambiwe kwamba alifika, akaenda zake polepole. Jioni Sindano hakumwambia Mama chochote.

Siku iliyofuata Kasuku alikuja mbio, amevaa viatu vya michezo. Kulikuwa na mazoezi ya netiboli ya ghafla, na mwalimu alikuwa amesema asiyefika leo hachezi Jumamosi. Sindano alikuwa mfungaji wa timu. Alitazama nyuma, kwenye mlango wa chumba, akasema hawezi.

"Huwezi kwa nini?" Kasuku akauliza. "Mama yako yuko kazini, bibi yako amesafiri. Unalinda nini, cherehani?"

Uongo wa Sindano mwenyewe ulikuwa umemshika mkono na kumtoa nje. Alimwomba Kasuku atangulie, akaingia ndani kuvaa viatu. Akiwa ameinama kufunga kamba, miguu ya Bibi ikaja kusimama mbele yake.

"Shikamoo, mama."

Sindano aliendelea kufunga kamba.

"Shikamoo, mama," Bibi akarudia, safari hii kwa wasiwasi.

Sindano alikuwa na haraka, tena alikuwa na hasira, na hasira ile hakujua aielekeze wapi. Akasimama, akampa Bibi mgongo, akatoka na kuvuta mlango. Hakuufunga kwa ufunguo, kwa sababu Mama alikataza kabisa Bibi afungiwe ndani. Alijiambia atarudi sasa hivi.

Mazoezi yalikuwa matamu, na sasa hivi ikarefuka. Aliporudi, jua likiwa limeanza kulegea, alikaribia nyumbani akitega sikio kama kawaida. Hakusikia kitu. Cherehani ilikuwa kimya, na mlango ulikuwa wazi.

Alitafuta chumbani, jikoni, bafuni, nyuma ya nyumba. Mfuko wa nguo uliokuwa ukining'inia msumarini haukuwepo. Akakimbia hadi dukani, akamuuliza mwenye duka kama amemwona Bibi.

"Nimemwona," mwenye duka akajibu kwa furaha. "Kumbe alisharudi? Nilimwona na mfuko wake, nikajua ndiyo anasafiri tena. Nikatoka nikamvusha barabara kubwa mwenyewe, maana magari ya leo hayana adabu. Nikamtakia safari njema."

Mwenye duka alikuwa ametenda wema. Aliacha duka lake, akamshika Bibi mkono, akamvusha salama. Na kwa sababu ya uongo aliolishwa, wema wake ukawa umempeleka Bibi mbali zaidi.

"Hakusafiri," Sindano akasema, na machozi yakaanza. "Hakuwahi kusafiri. Nilidanganya. Bibi anaumwa ugonjwa wa kusahau, na hajui njia ya kurudi."

Mwenye duka hakumkemea. Aligeukia ukutani. Pale, kati ya picha ya sabuni na kalenda, palikuwa na tangazo la kile kikundi, lenye namba ya kupiga mzee akipotea. Lilikuwa limebandikwa muda mrefu mpaka limepauka, na wateja walilizoea kiasi cha kutoliona tena. Akapiga namba ile. Kisha akapiga kiwandani, akaomba Mama aitwe.

Nesi alifika upesi, viatu vyake vilevile, na pamoja naye kinyozi wa soko la mtaa wa pili, ambaye baba yake mzazi alifariki akiwa na ugonjwa huohuo na tangu hapo akajiunga na kikundi. Alikuwa ameacha kazi katikati, na mteja wake, mwenye nywele upande mmoja na kipara upande wa pili, alikuwa amekuja naye. Mteja mwenyewe alisema nusu ya kichwa itangoja, mzee wa watu hawezi kungoja.

Nesi alimshika Sindano begani. Hakutaja habari ya jana. Aliuliza Bibi amevaa nini, amebeba nini, na neno la mwisho alilosema ni lipi.

"Alinipa shikamoo," Sindano akasema akitazama chini. "Huniita mama. Leo sikumwitikia."

Nesi alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepata ncha ya uzi. "Basi leo kichwani mwake yeye ni mtoto, na wewe ni mama yake, na mama amenuna. Mtoto ambaye mama yake amenuna hufanya nini?"

"Hufanya kazi aliyotumwa," Sindano akajibu. Na hapohapo akakumbuka. Mara ngapi Bibi alimsimulia, wakati alipokuwa bado anasimulia? Mama yake Bibi alikuwa dobi. Alifua na kupiga pasi nguo za wafanyakazi wa reli, na Bibi, akiwa msichana mdogo, ndiye aliyezipeleka kwenye nyumba za stesheni. "Amechukua mfuko wa nguo. Ameenda relini."

Waliposikia reli, watu wazima walitazamana. Kinyozi alirukia pikipiki yake, mteja wake nyuma. Nesi aliwagawa waliobaki. Fundi viatu, ambaye naye alikuwa amesogea, aende sokoni, mwenye duka aende kituo cha mabasi, yeye na Sindano wakodi gari waelekee stesheni. Mwenye duka akafunga duka mchana mweupe, jambo ambalo mtaa haukupata kuliona. Kasuku na wenzake, waliokuwa wanarudi kutoka mazoezini, walisimama wakasikia yote. Hakuna aliyecheka. Walikunja sketi zao za michezo wakakata njia ya mkato kuelekea relini.

Bibi alikuwa ameketi kwenye benchi la stesheni, karibu na reli kuliko Sindano alivyopenda, mfuko umewekwa juu ya magoti. Viatu vyake vilikuwa vimejaa vumbi, na kimoja kilikuwa cha Mama. Kinyozi alikuwa amekaa kando yake, upande wa reli. Hakumvuta wala kumshika. Alikuwa akimweleza habari za mteja wake, kwamba hivi ndivyo mtu anavyokuwa akikataa kulipia kichwa kizima, na Bibi alikuwa akimtazama yule mteja kwa huruma. Lakini kila alipoambiwa twende nyumbani, alikataa.

"Anasema hawezi kurudi," kinyozi akamnong'oneza Nesi. "Mama yake hakumwitikia."

Sindano alisogea. Kasuku na timu nzima walikuwa wamefika, wamesimama kando wakihema. Bibi alipomwona mjukuu wake, alinyanyuka haraka, akashikanisha mikono mbele, akainamisha kichwa chake chenye mvi.

"Shikamoo, mama."

Macho yote yalikuwa kwa Sindano. Alimwona Kasuku kwa pembe ya jicho. Aliona pia mikono ya Bibi, ile iliyomshonea sare ya kwanza, ilivyokazana kama inashikilia kitu kisianguke. Akajua kwamba neno moja tu lilikuwa linangojwa, na hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa nalo.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Hujambo?"

Mabega ya Bibi yakashuka. "Sijambo. Nguo nimeleta, mama, lakini wenyewe hawapo."

"Haidhuru. Umefanya vizuri. Turudi nyumbani, tutazileta kesho."

Bibi akampa mkono. Kasuku alikuja bila kuambiwa, akauchukua mfuko, akauweka kichwani kwake, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakusema neno.

Mama aliwakuta nyumbani, aproni yake bado ina unga, uso wake umepauka kuliko unga wenyewe. Alimkumbatia Bibi kwanza, muda mrefu. Kisha Sindano akamweleza kila kitu, tangu hesabu za barazani mpaka siku Nesi alipofukuzwa kwa uongo. Mama alisikiliza hadi mwisho. Alisema ameumia, tena sana, na kwamba hilo halitakwisha leo. Lakini akasema pia kwamba kumwachia mtoto mzigo wa mtu mzima kila mchana, bila kumuuliza unamwelemea vipi, halikuwa jambo jema, na hapo yeye mwenyewe alikosea. Nesi naye akacheka kidogo, akasema hata yeye ana lake. Jana alisikia cherehani ikizunguka, akajua kuna jambo, akapanga kumpigia Mama simu jioni ya leo. Laiti angepiga jana.

Bibi alikuwa anakunywa chai, ameridhika. Sindano alikuwa na swali lililomkaa kooni tangu stesheni.

"Nesi, mimi si mama yake. Nilipoitikia marahaba, si nimedanganya tena?"

Nesi aliweka kikombe chini. "Mjukuu wangu, uliposema Bibi amesafiri, ulimnyima nini?"

Sindano akafikiri. "Majirani. Na baraza. Na wewe."

"Na marahaba imemnyima nini?"

Sindano akamtazama Bibi na kikombe chake.

"Basi," Nesi akasema. "Yeye hakuwa anauliza wewe ni nani. Alikuwa anauliza kama amepokelewa. Ukaitikia kwamba amepokelewa. Uongo uko wapi hapo? Wewe waambie ukweli wenye akili zinazoweza kuubeba. Bibi yako usimbishie. Sikiliza moyo wake unasema nini, uujibu huo."

Kuanzia wiki ile mambo yalibadilika. Bibi hakupona, na Nesi hakumficha Mama kwamba ugonjwa utazidi. Lakini mchana wa mazoezi, mtu wa kikundi alikuja kukaa na Bibi ili Sindano akacheze, na siku nyingine alikuja ili Mama alale tu. Jumapili wote watatu walikwenda kwenye ukumbi ambao kikundi kilikutana, nyuma ya zahanati. Upande mmoja wagonjwa waliimba nyimbo za ujana wao, na ajabu ni kwamba mtu aliyesahau jina la mwanawe hakukosea hata ubeti. Upande wa pili waliowauguza walikaa wakasimuliana, wakalia, wakacheka. Kinyozi aliwafundisha jinsi ya kumnyoa mzee asiyetaka kunyolewa. Mama mmoja alisema alidhani ni yeye peke yake duniani. Kila aliyemsikia alitikisa kichwa kukubali, maana kila mmoja alikuwa amedhani hivyo.

Nesi ndiye aliyekumbuka ile cherehani. Alileta vipande vya kitambaa vilivyoandikwa jina na namba ya simu, vya kushonwa ndani ya kola za nguo za wagonjwa ili wakipotea warudishwe. Mama alitunga uzi, akaweka kitambaa chini ya sindano, akakaa karibu. Bibi alikanyaga kanyagio. Mshono ukatoka umenyooka kama reli. Mikono yake haikuwa imesahau. Kipande cha kwanza kilikwenda kwenye kola ya gauni lake mwenyewe.

Pazia likapandishwa, na Bibi akarudi barazani. Mchana mmoja Kasuku alipita, akataka kumwamkia, lakini Bibi akamtangulia.

"Shikamoo, mama," Bibi akamwambia.

Kasuku alimtazama Sindano, akakaza uso kama bibi harusi. "Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Bibi akasema amekula. Kasuku alipopita, alimnong'oneza Sindano kwamba ukubwa ni mtamu, kumbe alikuwa anauchelewesha bure. Sindano akamtishia kumletea mkongojo.

Mama alikuwa mlangoni anafunga kitambaa chake, tayari kwa zamu. Aliwatazama, akasema kwa sauti ya taratibu, kana kwamba anaongea na kitambaa:

"Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Alipokuwa amefichwa, tulikuwa wawili wa kumwangalia, tena tumechoka. Tangu tuseme, mtaa mzima unamwangalia. Ukiwa na mgonjwa nyumbani, mwanangu, usione aibu. Sema. Watu wema wapo, ila hawawezi kubisha hodi kwenye mlango wanaoambiwa hauna mtu."

Akamwinamia Bibi kumuaga. Bibi alimtazama kwa muda, halafu akatazama gauni la kazi la binti yake, akavuta pindo kwa vidole viwili.

"Hili limefumuka," akasema. "Ukirudi, nipe nilishone. Huwezi kwenda kazini hivyo, watu watasema huna mama."